Mto Uko Wapi?

Ukiifanya kazi ya utendaji wa kijiji kwa miaka mingi, unazoea hasira. Mimi nilianza wakati huku kwetu kungali Iramba, kabla Mkalama haijakatwa na kuwa wilaya mwaka 2012, na kabla Nduguti haijajaa ofisi na magari ya namba za serikali. Nimesikiliza hasira za ng'ombe walioingia kwenye mtama, za michango ya madarasa, za mbegu za alizeti zilizofika mvua ikiwa imekwisha kupita, za mipaka ya mashamba ya marehemu. Zote zilikuwa na dawa. Unaita pande mbili, unaacha kila mtu aseme mpaka achoke, wazee wanatoa neno, mbuzi anachinjwa au hachinjwi, na jioni wale wale waliotaka kupigana wanarudi nyumbani kwa njia moja.

Hasira moja tu iliishinda dawa hiyo, nayo ililetwa na lori la mafuta.

Siku hizi nimestaafu. Nina duka dogo la steshenari hapa Nduguti: natoa kopi, nauza kalamu na madaftari, na nawaandikia watu barua za kupeleka ofisini. Tangu habari za bomba la mafuta ghafi ziingie wilayani, barua za aina mpya zimeanza kuja. Wengi huuliza fidia. Wapo wachache, hasa kina mama na vijana waliomaliza kidato cha nne, wanaouliza jambo jingine: siku likipasuka, tumpigie nani? Swali hilo ndilo linalonirudisha kwenye lori.

Ulikuwa mwezi wa Agosti, na barabara ya Singida kwenda Nzega upande wetu bado ilikuwa ya vumbi. Malori ya mafuta yalipita mchana na usiku kwenda Mwanza, Rwanda na Burundi, na kupinduka kwao hakukuwa habari kubwa. Madereva wa zamani wanaweza kukuhesabia mizoga ya malori kuanzia Iguguno mpaka mlima Sekenke. Hili lilikosa kona alfajiri karibu na kalavati, likalala ubavu kwenye ukingo wa korongo. Dereva alitoka na jeraha la mkono. Utingo alitoka analia, wala hakuumia popote. Alijua tu nani atakayelaumiwa. Dizeli ilikuwa ikichuruzika kutoka kwenye mfuniko mmoja, haina haraka, ikielekea bondeni.

Jua halijapanda, watu walikuwa wamefika na madumu. Sitawasema. Miaka mingi baadaye, tarehe 10 Agosti 2019, lori lilipinduka pale Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia petroli, moto ukalipuka, na waliokufa wakapita 100. Nchi ilitangaziwa siku tatu za maombolezo, na bado vijiweni kuna waliosema marehemu walikuwa wezi. Sisi tulinusurika kwa sababu iliyomwagika kwetu ilikuwa dizeli, ambayo haishiki moto upesi kama petroli. Hatukuwa na akili kuwashinda watu wa Msamvu.

Mzee wa kitongoji na mgambo waliwaondoa watu kwa fimbo na matusi. Mafuta yaliyobaki yalimezwa na mchanga wa korongo, na kufikia adhuhuri ilibaki harufu na doa jeusi ambalo mtu angeweza kuliruka. Wengi walidhani yamekwisha.

Hapa lazima nieleze mito ya kwetu kwa asiyeijua. Mingi hutiririka majuma machache kwa mwaka. Mwezi Machi inaweza kumchukua ng'ombe. Agosti unatembea katikati yake na viatu vyako, vumbi likikupanda hadi magotini. Lakini maji hayajaondoka. Yako chini ya mchanga, na wanawake wanajua kina chake kwa kila mwezi. Wanachimba, wanazungushia miiba ili mifugo isiingie, wanasubiri yajikusanye taratibu, wanachota kwa kata. Kisima cha Juni kinafika magotini. Cha Oktoba kinammeza mtu mzima, na aliye juu anapokea ndoo kutoka kwa mtu asiyeonekana. Korongo lile lilikuwa na visima vya namna hiyo upande wa chini wa barabara, kila ukoo na chake, na kile wanachochota wanafunzi kikiwa chini zaidi.

Baada ya siku kadhaa yalikuja magari mawili. Moja la mwenye lori, jingine la ofisi ya serikali iliyohusika. Katika hili la pili alikuwemo mtaalamu kijana, mpole, mwenye adabu ya kuwaamkia wazee, amebeba boksi la chupa za kuchukulia sampuli. Nikampeleka korongoni. Akasimama, akatazama juu, akatazama chini, akafungua daftari lake na kuniuliza:

"Mtendaji, mto uko wapi?"

Alikuwa amesimama ndani yake.

Nilimwonyesha. Akacheka, akidhani ni utani wa wenyeji. Akina mama walipomwonyesha visima, aliviangalia kwa heshima, lakini fomu yake ilitaka chanzo cha maji, na kwake yeye chanzo cha maji kilikuwa kitu kinachong'aa juani. Akaenda kuchukua sampuli kwenye lambo la ng'ombe lililokuwa upande wa juu wa barabara. Mama mmoja alimfuata nyuma akimwambia, "Mwanangu, huko mafuta hayawezi kupanda." Alimjibu vizuri tu kwamba atalizingatia hilo. Chupa zikajazwa, zikabandikwa karatasi, zikaondoka.

Mtu wa mwenye lori naye alikuwa na orodha yake: majeruhi, nyumba, mazao. Bwana mmoja aliyekuwa na matuta ya viazi vitamu kwenye ukingo alilipwa, ingawa mbuzi walikuwa wamekwisha kuyamaliza matuta hayo tangu Julai. Tulipofika kwenye visima, akauliza kisima ni cha nani. Cha wote. Kina karatasi yoyote? Hakina. Gharama ya kukichimba? Akina mama wakaangua kicheko, wakamwambia ni jembe na asubuhi moja. Akaandika sifuri. Wala simlaumu sana. Aliuliza thamani ya shimo, naye akapewa thamani ya shimo.

Visima vilikuwa safi Agosti, safi Septemba, safi Oktoba. Wapo waliosema tumewatisha watu bure. Mambo haya sikuyaelewa wakati ule, nimekuja kuelezwa na watu wa maji: dizeli ikimwagwa kwenye mchanga huzama mpaka ikutane na maji, kisha hukaa juu yake kwa kuwa ni nyepesi, na kusafiri nayo polepole kuelekea chini. Kisima kilicho jirani kinaweza kuwa kitamu leo kikanuka baada ya miezi. Na mvua ikija, maji yanapanda na mafuta yanapanda nayo.

Mvua ikaja. Wa kwanza kujua walikuwa punda. Walifika kisimani, wakanusa, wakalaza masikio, wakagoma. Juma lililofuata watoto walianza kusema uji unanukia gereji. Akina mama wakahamisha visima hadi upande wa juu wa barabara, mwendo ukarefuka, na wale wa kule juu, ambao hawakuwa na ugomvi na mtu, wakaanza kulinda visima vyao kwa maneno makali.

Niliandika barua. Jibu lilirudi watu wamekwisha kuvuna. Lilikuwa na nembo, kumbukumbu namba na muhuri, likasema kwamba kwa mujibu wa uchunguzi uliofanyika, hakuna chanzo cha maji kilichoathirika. Nililisoma kwenye mkutano wa hadhara kwa sababu ndiyo kazi yangu, na sikupewa nafasi ya kufika mwisho. Bibi mmoja alisimama akasema, "Mtendaji, waandikie waje wanywe." Kwenye muhtasari nikaandika kuwa wananchi waliomba wataalamu warejee, maana muhtasari haupokei kejeli.

Sasa jambo lililonifunza. Mafuta yenyewe watu waliyasamehe mapema. Ajali ni ajali. Yule utingo baadaye akaoa pale pale kijijini na wajukuu wa yule bibi wanamwita baba mdogo. Mwenye lori naye walimsamehe, kwa kuwa alikuja. Ambacho hakikusameheka ni jibu lililoandikwa na mtu asiyejua mto uko wapi. Mtu anaweza kuvumilia hasara. Kuambiwa na karatasi kwamba hasara hiyo haipo, wakati punda wake amekwisha kuisema, kunamfanya ajione hahesabiwi miongoni mwa wenye macho. Tangu hapo serikali ikituma mtu wa chanjo, anaulizwa habari za visima. Akija wa sensa, anaulizwa visima.

Nimekuwa nikifuatilia habari za namna hii kwenye magazeti na redio tangu wakati huo, na kila mahali nakutana na kijana yule yule mwenye chupa, kwa sura tofauti.

Nilimwona Mto Mara, Machi 2022. Maji yaligeuka rangi, yakanuka, samaki wakaelea. Waziri wa mazingira, Selemani Jafo, aliunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele, na kamati ikarudi na jibu kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza hewa ndani ya maji. Nchi nzima ilicheka kwa hasira. Mimi nilikuwa katika wachache wasiocheka, kwa sababu sayansi ya jambo lile haikuwa ya kutupwa: mwaka 2018 watafiti walionyesha, kwenye mto huo huo upande wa Kenya, kwamba kinyesi cha viboko kikisombwa na mafuriko kinaweza kula hewa yote majini na kuua samaki. Lakini jibu hilo walipewa watu waliolea ng'ombe kando ya mto ule, wao na babu zao, na hawajawahi kuona mkojo ukiua samaki kwa kiasi hicho. Tena walipewa watu waliokumbuka kuwa mwaka 2009 maji yenye tindikali kutoka mgodi wa North Mara yalivuja hadi Mto Tigithe, unaopeleka maji yake Mara. Kama kamati ingeanzia hapo, ikasema, tunajua mnachokishuku, tumepima hiki na hiki, haya ndiyo matokeo, na ninyi wafugaji mmeona nini, pengine watu wangesikiliza. Jibu linaweza kuwa la kweli na bado likawa tusi.

Kenya wana makaburi. Tarehe 12 Septemba 2011 bomba la Kenya Pipeline lilivuja kwenye kitongoji cha Sinai, Nairobi, petroli ikaingia kwenye mtaro, watu wakaenda na makopo, na zaidi ya 100 wakafa kwa moto. Mjadala uliofuata ulikuwa nani aliwaruhusu watu kujenga juu ya mkuza wa bomba. Swali hilo halikuwa baya, ila liliulizwa na watu waliokuwa wakiziona nyumba zile kila siku kabla ya moto.

Na iko Thange, ambayo ndiyo inayoninyima usingizi, maana ni nchi kama yetu. Iko Kibwezi, kaunti ya Makueni, ukame mtupu, watu wanategemea kijito na visima. Mwaka 2015 bomba la zamani la kutoka Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, lilivuja hapo. Mafuta yaliyosafishwa yakapenya ardhini, yakaingia mtoni na visimani, mashamba yakaharibika. Udongo ulichimbwa, maji yakaletwa kwa magari, wataalamu wakaja na kuondoka. Wanakijiji waliendelea kusema maji bado hayafai. Kesi ilifika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni, na ni mwaka 2025 ndipo mahakama ilipoiamuru kampuni ilipe zaidi ya shilingi bilioni 3 za Kenya. Mtoto aliyekuwa akibebwa mgongoni siku ya uvujaji alikuwa tayari anabeba ndoo yake mwenyewe. Bilioni ni nyingi, sikatai. Ila miaka kumi ya kubishana na mtu juu ya harufu unayoisikia kwa pua yako haina mthamini anayeweza kuipigia hesabu.

Mauritius walikuwa na bahati mbaya ya aina nyingine: walipewa muda. Meli ya MV Wakashio, mali ya Wajapani, ilipanda mwamba tarehe 25 Julai 2020, na mafuta yakaanza kutoka tarehe 6 Agosti. Siku 12 katikati. Yalipotoka, wavuvi, wanafunzi na akina mama walishona maboya marefu ya majani ya miwa kuyazuia, kwa kuwa walikuwa wanajua mikondo ya ghuba yao, na serikali ikawataka wawaachie wahusika. Tarehe 29 Agosti maelfu kwa maelfu walijaza mitaa ya Port Louis. Tani zilizomwagika zilikuwa kama 1,000, kidogo kwa hesabu za dunia ya meli. Waliokuwa barabarani walikuwa wakihesabu zile siku 12.

Wenye fedha nao hawako mbali na sisi. Mtambo wa Deepwater Horizon ulipolipuka kwenye Ghuba ya Mexico, tarehe 20 Aprili 2010, wafanyakazi 11 walikufa na kisima kikamwaga mafuta kwa siku 87. Kwanza watu waliambiwa ni mapipa 1,000 kwa siku, kisha 5,000. Wanasayansi walipokuja kuhesabu wakasema yalikuwa kama 60,000. Lakini habari iliyonifanya niweke gazeti chini ni nyingine. Kampuni ya BP ilikuwa na mpango wa dharura, kitabu kizima, uliopita mezani kwa serikali ya Marekani. Waandishi walipoufungua wakakuta umetaja walarasi miongoni mwa wanyama wa kulindwa. Walarasi ni mnyama wa bahari za barafu. Katika ghuba ile yenye joto hayupo hata mmoja. Mpango ulikuwa umenakiliwa kutoka mahali pengine, na kati ya walioandika na walioupitisha hakuna aliyejiuliza kama mnyama yule anapatikana pale.

Basi nikajisemea, kumbe hata Marekani wanauliza mto uko wapi.

Nirudi nyumbani. Bomba la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Linapita Singida kwa kuzikata Iramba, Mkalama na Singida vijijini. Limebuniwa kupitisha mapipa zaidi ya 200,000 kwa siku. Mafuta ya Uganda ni mazito, yana nta, na yakipoa huganda kama samli asubuhi ya Julai. Kwa hiyo bomba lazima lipashwe joto kwa umeme njia nzima, nyuzi 50 au zaidi, na mabomba yamevishwa tabaka la kuhifadhi joto kwenye kiwanda cha Sojo, Nzega, kwa majirani zetu wa Tabora. Limefukiwa chini, lina vali za kufunga sehemu kwa sehemu na waya wa kuhisi uvujaji. Sina ugomvi na wahandisi. Tena mtu aliyeishi kando ya barabara ya malori hawezi kujidai kwamba malori ni salama kuliko bomba.

Na huko kuganda kuna heri yake. Mafuta ya namna hii yakimwagika juu ya ardhi kavu hayatakimbia kama dizeli yetu. Yatapoa na kushikana, mtu ataweza kuyazoa kwa koleo. Hayo ni ya Agosti. Mimi nataka kujua ya Machi, wakati korongo limejaa na maji ya matope yanasukuma kila kitu kuelekea mbugani. Vipande vya nta vinafika wapi? Na kile chembamba kilichomo ndani ya mafuta ghafi, kile chenye harufu, kinashuka kwenye mchanga au hakishuki? Maswali haya yana majibu, na yupo mtu anayeyajua. Napenda majibu hayo yawe yamefika Mkalama kabla ya mafuta.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalizungumzi kwa sauti. Mradi huu ni wa TotalEnergies ya Ufaransa kwa asilimia 62, kampuni za taifa za Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China asilimia 8. Maana yake, kupitia shirika lake la mafuta, TPDC, serikali yetu ni mmoja wa wenye bomba, na kupitia chombo chake cha mazingira ndiyo itakayowapima wenye bomba. Siku ya lori letu walikuja kwa magari mawili. Safari hii watapanda gari moja. Sisemi kwamba watadanganya. Nasema mwanakijiji akiwaona wanashuka pamoja, ataanza kwa kutoamini, na watatumia mwaka wa kwanza kujibu hilo badala ya kujibu swali la maji.

Sheria zipo, na sizidharau. Nimeishi kwa kuzisoma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema anayechafua ndiye anayelipa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inateremsha kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji. Hata Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha ilipelekewa shauri la bomba hili na asasi za kiraia, likatupwa Novemba 2023 kwa sababu lilifunguliwa nje ya muda, kiini chake kikabaki bila kuguswa. Lile la kuchelewa lilinigusa. Mtu wa kijijini kwa kawaida hugundua kuwa ana jambo la kulalamikia baada ya punda kugoma, na wakati huo kalenda ya mahakama imekwisha kusonga.

Anayechafua hulipa kilichoandikwa kabla hajachafua. Tathmini za fidia hapa nchini zinajua nyumba, miti, mazao, makaburi, na posho ya usumbufu. Ni vizuri, na kaburi kuhesabiwa si jambo dogo. Shimo la mchanga linalohama kila mwezi halina mstari wake. Halina mwenyewe, halina bei, na kwa majuma machache ya mwaka halipo kabisa kwa sababu mto umerudi. Ukiwa na kitu cha namna hiyo, kazi ya kukifanya kionekane ni yako.

Ndiyo kazi ninayoifanya sasa na vijana wawili, mmoja bodaboda, mwingine anasubiri majibu ya ajira. Tunatembea makorongo yaliyo chini ya mkuza. Kijana wa bodaboda anapiga alama kwa simu yake, mwenzake anaandika. Akina mama ndio wanaotuongoza, nao hawana subira na sisi. Kwa kila mahali tunaandika jina la korongo kama wenyeji wanavyoliita, miezi ambayo maji yapo juu, miezi ambayo yapo chini na kwa kina gani, wanaochota ni wa kitongoji gani, na mifugo inanywa wapi. Tunachukua na maji kwenye chupa, tunaziandika tarehe na kuziweka mahali penye giza, ili siku mtu akisema maji yenu yalikuwa hivi tangu zamani, awepo wa kumwonyesha ya zamani. Najua mahakama inaweza kuzikataa chupa zetu kwa kuwa hazikupita maabara. Kijana msubiri ajira ameandika barua kwenye chuo kimoja kuomba watupimie, tuone.

Orodha inakua kuliko nilivyotegemea. Kuna makorongo ambayo mimi mwenyewe, mtendaji wa miaka yote hiyo, sikuwahi kuyasikia majina yake. Bibi wa pili tuliyemhoji alibishana na wa kwanza kuhusu mwezi ambao kisima cha shule hukauka, na tumeandika maneno ya wote wawili.

Nakala ya kwanza ya kitongoji kimoja tumeipeleka kwa mtendaji wa kata, ya pili kwa mwenyekiti wa kijiji, na ya tatu tunaiandalia barua ya kuwaomba wenye bomba waiingize kwenye mpango wao wa dharura, na watupe nakala ya mpango huo kwa Kiswahili. Bado tunabishana kuhusu kichwa cha habari cha barua. Vijana wanataka neno "malalamiko" liwemo, ili ipate kusomwa. Mimi nataka iandikwe "taarifa ya vyanzo vya maji", kwa sababu hakuna aliyetukosea bado. Na nimewaambia hata kama tukishindwana juu ya kichwa, mchoro wa makorongo uwe ukurasa wa kwanza.